gzip, bzip2, xz na zstd: tathmini ya miongozo yake na habari za hataza zilizomo

Tathmini nyingi za programu za kubana faili hupima mambo mawili tu, yaani faili limepungua kiasi gani na kazi imechukua muda gani. Vipimo hivyo vina maana yake, lakini ofisi yetu hapa Tanga hutunza vitabu vya hesabu vya wenye maduka wa Ngamiani na kumbukumbu za wakulima wa mkonge wa upande wa Muheza, na kwetu swali zito ni jingine: faili tunalolibana leo, nani ataweza kulifungua baada ya miaka ishirini, na kwa ruhusa ya nani? Jibu lake limo katika miongozo ya programu hizo, katika maandishi ya leseni, na katika zile aya fupi za habari za hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) ambazo watu huzipita kama masharti yaliyochapwa nyuma ya tiketi ya basi. Kwa hiyo nilisoma kwanza nyaraka za gzip, bzip2, xz na zstd, ambazo zote ni programu huria na huja pamoja na Linux au hupatikana bila malipo, kisha nikazitumia kwenye mashine zetu za kawaida, ambazo baadhi ni kuukuu.

Kwa atakayetaka hukumu mapema: mwongozo wa gzip ndio unaofaa zaidi kwa ofisi isiyo na mtaalamu, wa xz ndio wenye elimu nyingi kuliko yote lakini humchosha mgeni, wa zstd umeandikwa kwa watu wa kazi, na wa bzip2 ndio mkweli kupita yote ingawa programu yenyewe siipangii tena kazi mpya.

Ili kuielewa miongozo hii ni lazima kujua ilikotoka. Mwaka 1977 na 1978 Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha mbinu mbili ambazo karibu kila programu ya kubana faili inayotumika leo imezaliwa nazo au imeziazima. Chukua daftari la malipo ambalo kila mstari wake una maneno "Malipo ya mkonge". Mbinu ya kwanza huyaandika maneno hayo yalivyo mara ya kwanza. Yakitokea tena huweka maelekezo mafupi ya kwamba msomaji arudi nyuma hatua kadhaa na anakili herufi 16, nafasi za katikati zikiwa zimehesabiwa. Mbinu ya pili hujenga orodha ya vipande vya maandishi kadiri inavyosoma, na kipande kikirudi hutaja namba yake tu. Terry Welch, aliyekuwa kampuni ya Sperry, aliiboresha hiyo ya pili na kuieleza katika makala ya mwaka 1984, ikajulikana kwa herufi LZW. Waandishi wa programu walioisoma makala hiyo wakaitumia kutengeneza compress, chombo cha kubania faili cha mifumo ya Unix, na mwaka 1987 CompuServe wakaiweka ndani ya picha za GIF.

Tatizo ni kwamba maombi ya hataza ya mbinu hiyo yalikuwa yamekwisha kuwasilishwa Marekani tarehe 20 Juni 1983, na kwa utaratibu wa wakati ule maombi ya hataza hayakutangazwa hadharani mpaka hataza itolewe. Ilitolewa tarehe 10 Desemba 1985. Sperry ikaungana na Burroughs mwaka 1986 kuwa Unisys, na mwezi Desemba 1994 ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazoshughulikia GIF watatakiwa kupata leseni. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyozaa picha za PNG, ambazo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliziidhinisha Oktoba 1996. Mwaka huo huo wa 1994 baraza la wazee wa mahakama nchini Marekani liliiona Microsoft kuwa na hatia ya kuvunja hataza za kubana data za kampuni ndogo ya Stac, likaamuru fidia ya dola milioni 120. Microsoft nayo ikapata dola milioni 13.6 kwa madai yake dhidi ya Stac. Baada ya hukumu kama hiyo, mwandishi wa programu anayefanya kazi jioni nyumbani kwake bila malipo alikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Msomaji wa Tanga anaweza kuuliza yanatuhusu nini. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Ya Marekani haivuki mipaka ya Marekani, na huku Tanzania Bara anayetaka hataza huenda BRELA, wakala wa usajili, au hupitia ARIPO, shirika la kikanda la hataza, kule Harare. Hoja hiyo ni sahihi kisheria, lakini programu tunazotumia hufungashwa huko ambako hataza zinauma, na mfungashaji akiogopa, huondoa kipengele kwa ajili ya wote, wa Chicago na wa Chumbageni kwa pamoja. Mfano mzuri ni unzip, programu ya kufungulia mafaili ya zip iliyotolewa na kundi la Info-ZIP. Mafaili ya zip ya zamani sana, yaliyotengenezwa na programu ya PKZIP toleo la 1, yaliweza kubanwa kwa jamaa ya LZW. Kwa miaka kadhaa unzip ilitolewa ikiwa imezimwa uwezo wa kuyafungua, na nyaraka zake zikasema waziwazi kwamba sababu ni madai ya hataza, na kwamba anayejua haki yake anaweza kuuwasha anapoijenga programu mwenyewe. Hataza ya Unisys ilikwisha Marekani tarehe 20 Juni 2003, na katika nchi kadhaa za Ulaya mwaka uliofuata, ndipo uwezo huo ukarudishwa.

Jambo hili tumelishika mkononi. Mzee mmoja, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alituletea disketi za hesabu za mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baada ya kuamkiwa na vijana wote chumbani aliketi akauliza, "Wanangu, hizi bado zinasomeka, au nimejichosha bure na jua hili?" Disketi mbili zilikuwa na kutu, lakini nyingine zilisomeka. Tulipoorodhesha yaliyomo kwa unzip -v, safu ya mbinu ilionyesha neno Shrunk kwenye baadhi ya mafaili, ambalo ndilo jina la ule ubanaji wa zamani. Amri hiyo hiyo ikiandikwa peke yake, bila jina la faili, hutoa maelezo ya jinsi programu ilivyojengwa, na katika toleo letu mlikuwamo mstari wa USE_UNSHRINK unaothibitisha kwamba mafaili ya aina hiyo yanaungwa mkono. Yalifunguka. Mzee angekuja miaka ishirini na tano kabla, na programu ile ile iliyofungashwa na watu waangalifu, tungemwambia kwamba haiwezekani, na kama tusingesoma nyaraka tungemwambia pia kwamba mafaili yake yameharibika, jambo ambalo si kweli. Ndiyo maana katika tathmini hii naweka alama nyingi kwa mwongozo unaosema kilichoachwa na sababu ya kuachwa kwake.

Sasa gzip. Iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka mara ya kwanza tarehe 31 Oktoba 1992, kwa kusudi la kuchukua nafasi ya compress katika GNU, mradi wa programu huria. Inatumia mbinu iitwayo Deflate, iliyobuniwa na Phil Katz kwa ajili ya PKZIP, ambayo huchanganya ule mtindo wa Lempel na Ziv wa 1977, ukitazama nyuma kilobaiti 32, na usimbaji wa Huffman, ambao huzipa alama zinazotokea mara nyingi msimbo mfupi zaidi. Mwongozo wake, usomwao kwa amri ya man gzip, ni mfupi kiasi cha kusomwa wakati wa chai ya saa nne. Unataja kwamba maandishi ya kawaida, kama msimbo wa programu au maandishi ya Kiingereza, hupungua kwa asilimia 60 hadi 70, na makadirio hayo yanaendana na tunayoyaona kwenye majedwali yetu ya Kiswahili. Daftari la mauzo ambalo maneno yale yale yanajirudia kila mstari hushuka hata zaidi ya hapo. Nakala za karatasi zilizopigwa skana kuwa JPEG karibu hazipungui kabisa, na mteja anayelalamika kwamba programu imeshindwa anapaswa kuelezwa kwamba picha za JPEG tayari zimebanwa zilipotengenezwa.

Kwa upande wa hataza, gzip imezungukwa na maandishi bora kuliko mwenzake yeyote. Muundo wa Deflate ulichapishwa Mei 1996 katika waraka wa RFC 1951 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za wazi za intaneti), ulioandikwa na Peter Deutsch, na miongoni mwa makusudi yaliyoorodheshwa mwanzoni mwake ni kwamba muundo huo uweze kutekelezwa kwa njia isiyoguswa na hataza. Sehemu ya nne ya waraka inakwenda mbali zaidi: inamwonya mtekelezaji kwamba zipo aina nyingi za mbinu ya 1977 zilizowekewa hataza, na inamshauri kwa nguvu afuate njia ya jumla iliyoelezwa pale, ambayo inajulikana kwamba yenyewe haina hataza. Katz mwenyewe alikuwa na hataza ya Marekani juu ya namna moja ya kutafuta vipande vinavyojirudia, kwa hiyo onyo hilo halikuwa la kinadharia. Waraka una kurasa chache, hauna maneno ya kutisha, na mtu mwenye subira anaweza kuandika programu ya kufungulia data ya Deflate akiwa na waraka huo peke yake. Kwa ofisi ya kumbukumbu, hiyo ni dhamana kubwa kuliko ahadi ya kampuni yoyote.

Tabia nyingine ya gzip inayoeleweka kwa historia hiyo ni kwamba inafungua mafaili ya .Z ya compress lakini haina njia ya kuyatengeneza. Mwongozo unataja kufungua tu na kunyamaza kuhusu kutengeneza. Hapo ningependa sentensi moja zaidi, kwa sababu kijana wa leo aliyezaliwa baada ya hataza hizo kufa hawezi kuibahatisha sababu. Leseni nayo inastahili kutajwa. Matoleo ya sasa yako chini ya GPL, leseni ya programu huria, toleo la 3, ambalo lilitolewa 2007 na lina kifungu kinachomzuia mchangiaji wa programu kuchangia msimbo kisha kuwageukia watumiaji kwa hataza zake. Leseni fupi za zamani hazina kifungu hicho. Mtu akisema programu ni bure na imekwisha, mwulize ni bure kwa hakimiliki peke yake au kwa hataza pia.

Lawama yangu kwa gzip ni moja, nayo ni ya kila siku: ikimaliza kubana hulifuta faili la awali na kubakiza lenye mwisho wa .gz. Mwongozo unalisema hilo katika maelezo ya mwanzo kabisa, lakini mgeni husoma mifano na kuruka maelezo. Kila mwanafunzi anayekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hupaza sauti ile ile, "Kaka, mbona faili langu halipo?" Chaguo la -k, la kubakiza la awali, liliongezwa katika toleo la 1.6 mwaka 2013, kuchelewa kusikoeleweka. Jambo la kutuliza roho ni kwamba faili la awali halifutwi mpaka lililobanwa likamilike, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, na hapa hukatika, kilichopotea ni muda. Baada ya umeme kurudi ni busara kupima kwa gzip -t kabla ya kuamini chochote. Orodha ya gzip -l ilikuwa na kasoro yake pia: muundo umetenga baiti nne tu za kuandikia ukubwa, hivyo faili la zaidi ya gigabaiti 4 lilionyeshwa kwa ukubwa wa uongo, hadi toleo la 1.12 la mwaka 2022 liliporekebisha kwa kulifungua faili lote na kulihesabu. Mwongozo wa zamani ulilikiri hilo.

bzip2 ya Julian Seward ilitokea 1996, nayo imezaliwa na hofu ya hataza kwa namna nyingine. Mtangulizi wake, bzip, alitumia usimbaji wa hisabati wa aina iliyozungukwa na hataza nyingi, zile zile zilizofanya watengenezaji wa programu za JPEG waikwepe njia hiyo ingawa kiwango cha JPEG kiliiruhusu. Seward aliiacha bzip na kuandika bzip2 kwa Huffman, akaitegemeza juu ya njia ya kupanga upya herufi iliyochapishwa na Michael Burrows na David Wheeler mwaka 1994. Katika mwongozo aliandika maneno ambayo nayapenda kuliko yote niliyosoma katika kazi hii: kwamba kwa kadiri anavyojua hakuna mbinu yenye hataza iliyotumika, lakini hana uwezo wa kugharimia uchunguzi wa hataza, na kwa hiyo hawezi kulitolea dhamana jambo hilo. Mwanasheria angeandika ukurasa mzima na asiseme zaidi ya hapo.

Ukweli huo umeenea mwongozo mzima. Unaeleza kwamba chaguo la --fast halifanyi kazi iwe ya haraka kwa kiasi cha maana, na kwamba --best linachagua tu hali ambayo tayari ndiyo ya kawaida. Yote mawili yamewekwa ili watu waliozoea gzip wasipotee. Unaeleza pia kwamba data hubanwa kwa vitalu vya hadi kilobaiti 900, kila kimoja kikijitegemea, na kwamba faili likiharibika sehemu, programu ndogo ya bzip2recover inaweza kuokoa vitalu vilivyo salama. Katika mji wa pwani ambako flashi na diski hushambuliwa na unyevu wa chumvi, hilo ni jambo la kushukuru. Kinachoniondoa ni uzito wake wakati wa kufungua, na kwamba xz hubana zaidi na kufunguka upesi zaidi.

Kuhusu xz sina budi kukaa kidogo. Kazi yake ilianza kwa Igor Pavlov, mwandishi wa 7-Zip, aliyebuni mbinu ya LZMA na mwaka 2008 akauweka msimbo wake wa msingi kuwa mali ya umma. Lasse Collin akajenga juu yake xz tunayoitumia. Mwongozo ni mrefu kupita kiasi kwa mtu anayetaka kubana faili moja, lakini ndani yake mna jedwali ambalo kila mwenye kompyuta kuukuu anapaswa kulibandika ukutani. Linaonyesha kila kiwango cha ubanaji kinahitaji kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kiasi gani. Kiwango cha kawaida cha 6 hutaka mebibaiti (karibu sawa na megabaiti) 94 wakati wa kubana na 9 wakati wa kufungua. Kiwango cha 9 hutaka 674 wakati wa kubana na 65 wakati wa kufungua. Mashine yetu ya mapokezi ina gigabaiti moja ya kumbukumbu. Kijana mmoja aliyeamini kwamba namba kubwa ndiyo bora aliiamuru ibane kwa -9 huku kivinjari kikiwa wazi, na mashine ikaganda mpaka wateja wawili wakahudumiwa kwa daftari la karatasi. Mwongozo ulikuwa umekwisha sema, tena kwa maneno yanayoeleweka, kwamba viwango vya 7 hadi 9 havina faida kwa faili dogo kuliko kamusi yake, yaani kiasi cha data ya nyuma ambacho programu hukikumbuka: faili la mebibaiti 8 au pungufu halifaidiki chochote kwa kupandishwa juu ya 6.

Upande wa hataza xz ina maneno machache. Faili lake la leseni linaeleza sehemu kwa sehemu ipi ni mali ya umma na ipi iko chini ya leseni nyingine, na tangu toleo la 5.6.0 la mwaka 2024 sehemu kubwa imehamia leseni fupi ya 0BSD. Hizo zote huzungumzia hakimiliki. Kuuweka msimbo kuwa mali ya umma hakusemi lolote kuhusu hataza ya mtu mwingine, na nyaraka zingeweza kulisema hilo kwa mstari mmoja wa ukweli kama wa Seward.

Toleo hilo hilo la 5.6.0, pamoja na 5.6.1, ndilo lililopenyezewa msimbo wa hila wa kufungulia mlango wa nyuma, ambao Andres Freund aliugundua na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024 baada ya kushangazwa na kuchelewa kidogo tu katika kuingia kwenye seva. Hila hiyo ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio kwenye vifurushi vilivyosambazwa. Nalitaja kwa sababu wateja huuliza kama xz ni salama. Matoleo mawili hayo yaliondolewa, yaliyofuata yamekaguliwa kwa macho makali, na muundo wa faili lenyewe haukuguswa; mafaili ya .xz yaliyobanwa kabla au baada ya hapo hayana ubaya. Asiyejua ana toleo gani aandike xz --version.

zstd ni mdogo wa wote. Yann Collet aliiandika, Facebook wakaitoa kama toleo la 1.0 tarehe 31 Agosti 2016, ikiwa na BSD, leseni fupi ya programu huria, pamoja na faili la pembeni lenye jina PATENTS. Faili hilo lilitoa ruhusa ya hataza za kampuni kwa mtumiaji, kisha likaichukua ruhusa hiyo endapo mtumiaji angeishtaki kampuni kwa hataza zake mwenyewe, hata kama kesi haihusiani na ubanaji wa faili. Niliposoma maandishi yake sikushangaa kwamba wasambazaji wa programu huria waliyakataa. Mwezi Agosti 2017 faili hilo liliondolewa, na tangu hapo mtumiaji huchagua kati ya BSD na GPL toleo la 2. Hapa nyaraka zinaonyesha faida ya kelele za watu waliosoma masharti.

Suala halikuishia hapo. zstd hutumia tawi moja la usimbaji uliobuniwa na Jarek Duda, ambaye aliuachia umma kwa makusudi, na hata alipinga Google ilipojaribu kuombea hataza matumizi yake mamoja. Januari 2022 Microsoft walipewa hataza ya Marekani inayohusu tawi jingine la usimbaji huo. Tawi hilo silo linalotumika katika zstd, lakini mwenye kuchagua muundo wa kumbukumbu za muda mrefu anapaswa kujua kwamba uwanja huu haujatulia kama ule wa Deflate, ambao hataza zake zote za kuogopewa zimezeeka zikafa. Kwa kufidia hilo, muundo wa zstd umeelezwa wazi katika RFC 8878 ya mwaka 2021, na maelezo yake hukaa pamoja na msimbo.

Kwa matumizi ya kila siku ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Haifuti faili la awali isipoamriwa kwa --rm, na mwongozo unaitaja tofauti hiyo na gzip bila kuzunguka. Kiwango chake cha kawaida ni 3, viwango vya kawaida vinafika 19, na anayetaka 20 hadi 22 lazima aongeze --ultra, kizuizi ambacho kingeokoa mashine yetu ya mapokezi siku ile. Kuna pia uwezo wa kufundisha kamusi, yaani faili la vipande vinavyojirudia katika mafaili mengi, kwa --train, unaofaa risiti ndogo ndogo nyingi ambazo kila moja peke yake ni fupi mno kubanwa vizuri. Mwongozo unaeleza jinsi ya kuitengeneza kamusi, lakini hausisitizi vya kutosha kwamba kamusi ikipotea risiti zote zilizobanwa nayo hazifunguki. Katika ofisi ambayo flashi huazimwa na kurudi na nyimbo za taarabu ndani yake, onyo hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi nzito.

7-Zip naigusa kwa sababu wateja wetu wengi wako kwenye Windows. Hufungua gz, bz2 na xz bila taabu, na matoleo yake mapya hufungua pia zst. Leseni yake kwa sehemu kubwa ni LGPL, jamaa ya GPL yenye masharti mepesi zaidi, isipokuwa sehemu ya kufungulia RAR yenye sharti lililotoka kwa mwenye RAR, kwamba msimbo wake usitumiwe kutengenezea upya mbinu ya kubana ya RAR. Maana yake ni kwamba kufungua kunaruhusiwa na kubana kubaki kwa mwenyewe. Sharti hilo limeandikwa wazi, silalamikii uwazi wake, lakini muundo ambao ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuutengeneza hauwezi kuwa kabati la kumbukumbu za ofisi.

Miongozo yote hii niliisoma kwa Kiingereza. Wa xz umetafsiriwa katika lugha kadhaa, zikiwamo Kijerumani na Kifaransa. Kwa vijana wetu tumeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye amri za kawaida, jedwali la kumbukumbu la xz, na onyo kuhusu kufutwa kwa faili la awali. Ukurasa huo uko tayari kwa yeyote wa hapa mjini atakayepita na flashi.

Utaratibu tuliouchukua ni huu: faili la kumtumia mteja linabanwa kwa gzip, baada ya kukusanywa na tar ikiwa ni folda nzima, kwa kuwa gzip hubana faili moja moja, nakala za akiba za kila jioni zinakwenda na zstd kwa kiwango chake cha kawaida, bila kamusi, hesabu za mwaka uliofungwa zinabanwa kwa xz -6 na kuwekwa kwenye diski mbili, kila diski ikiwa na maandishi ya leseni katika faili la maandishi matupu lisilobanwa. Mafaili ya .rar wanayotuletea wateja tunayafungua, tunayabana upya kwa xz, na nakala ya awali tunamrudishia mwenyewe.